Redio ni ya mnara, si ya sikio

Namanga, upande wa Tanzania, kuna kibanda cha chai ambacho redio yake husalimia "wasikilizaji wetu wa Kajiado". Unakunywa chai, unalipa kwa shilingi ya Tanzania, askari unaowaona nje ni wa Tanzania, lakini sauti iliyo juu ya kabati la mandazi inatoka ng'ambo. Siku moja mtangazaji alipiga kibao kilichokuwa kikitamba, akataja namba fupi ya kutuma ujumbe, akaahidi shilingi elfu moja kwa atakayejibu swali. Mama mwenye kibanda alijua jibu. Alituma mara tatu kwa laini yake, na mara tatu ujumbe ukagoma.

Akanigeukia na maswali yake. Hii redio ni ya nani? Kama ni ya Kenya, nani aliiruhusu kuingia huku? Kama imeruhusiwa kuingia, mbona mimi sishindi? Na hiyo elfu moja, ni ya kwao au ya kwetu? Swali la mwisho si dogo: elfu moja ya Kenya, ukiipeleka kwa wabadilisha fedha wa palepale, inarudi ikiwa zaidi ya elfu kumi ya Tanzania.

Maswali hayo utayakuta Sirari, Holili, Horohoro, Mutukula na Tunduma. Huzidi makali kila wimbo unapozuiwa nchi moja ukaendelea kupigwa nchi ya pili, au uchaguzi unapokaribia na matangazo ya kampeni ya jirani yakamiminika sebuleni mwa mtu asiye na kura huko. Wengine husema redio ya jirani "inavamia". Wengine wanaamini serikali mbili zimekubaliana kila kituo kisikike pande zote. Yote mawili si kweli, na kuyafungua inabidi kwanza tukubaliane tunazungumzia nini tunaposema "redio".

Jiko, genge na ushuru

Katika jina la kituo kimoja tunakuwa tumefunga vitu vitatu. Kuna studio, chumba chenye kipaza sauti, kompyuta ya nyimbo na mtangazaji. Kuna mtambo wa kurushia na mnara wake, ambao huigeuza sauti ile kuwa mawimbi na kuyamwaga angani. Kisha kuna leseni, ruhusa ya serikali inayosema kampuni gani itumie masafa gani, kutoka mahali gani, kwa nguvu kiasi gani.

Mfikirie mama lishe anayepika nyumbani kwake kisha akapeleka masufuria sokoni. Ushuru wa soko analipa pale lilipo genge, si pale lilipo jiko, na hakuna anayewauliza wateja wametoka kata gani. Redio ni hivyohivyo. Studio ndiyo jiko, mnara ndio genge, msikilizaji ndiye mteja. Sheria husimama penye mnara. Ukilishika hilo, karibu kila fumbo la redio za mpakani litaachia.

Neno la pili ni masafa. Ile namba unayoitafuta kwenye redio, tuseme 91.1, ni hesabu ya megahezi: wimbi linatetemeka mara milioni 91 na laki moja kwa kila sekunde. Shamba zima la FM linaanzia 87.5 na kuishia 108, halina nyongeza. Vituo viwili vya eneo moja vikipandwa karibu mno kwenye shamba hilo vinaharibiana, kwa hiyo mji ukishajaa umejaa. Ndiyo maana masafa hugombewa kama viwanja vya barabarani.

Redio ya vibao ni redio gani

Kituo cha vibao hakipigi kila aina ya muziki. Huchagua orodha fupi ya nyimbo zinazopendwa wakati huo na kuzizungusha mchana na usiku, zile za juu kabisa zikirudi baada ya saa chache tu. Mtindo huu ulipata umbo lake Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mmoja wa waanzilishi wake ni Todd Storz, mwenye kituo cha KOWH mjini Omaha. Inasimuliwa kwamba aliangalia watu baa wakiingiza sarafu kwenye mashine ya santuri. Mashine ilikuwa na nyimbo nyingi, lakini wateja walirudia zilezile chache. Akajiuliza kwa nini redio isifanye wanachofanya wateja wenyewe.

Msikilizaji anayelalamika kwamba "wanarudia rudia" huhesabu kana kwamba kila mtu amekaa na redio kutwa nzima. Redio ya vibao imetengenezwa kwa mtu anayepanda na kushuka, kama abiria wa daladala. Atasikiliza dakika ishirini akienda kazini, kumi akichapa nguo pasi, thelathini akifunga duka. Katika kila kipande hicho lazima akutane na wimbo anaoujua, la sivyo atahama. Je, wapo wanaolipwa ili kibao kizunguke? Wapo. Marekani bunge lilifanya uchunguzi mzima kuhusu hongo hizo mwaka 1959 na 1960, na wasanii wa kwetu nao wamelia sana juu ya kudaiwa "kitu kidogo" ili nyimbo zao ziguswe. Ila kurudia peke yake hakuthibitishi hongo.

Mpakani redio ya namna hii hupenya kuliko redio ya habari. Taarifa ya baraza la kaunti haimgusi mtu wa Longido, wilaya ya Tanzania yenye Namanga, lakini wimbo mzuri hauhitaji kueleza uko wilaya gani. Lugha nayo ni moja. Mtangazaji wa ng'ambo akichanganya sheng utamwelewa nusu, na nusu hiyo inatosha kukubakisha hapo.

Mawimbi yanavukaje

Sasa swali la nani aliyeiruhusu kuingia. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita tatu na husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Weka karabai chini ya meza, utaangaza miguu ya viti. Ipandishe juu ya paa, kijiji kizima kitaona. Mafundi wana hesabu rahisi: antena ikiwa juu kwa mita 100 kuliko ardhi inayoizunguka, upeo wake wa kuonana na redio zilizo chini ni kama kilomita 41. Ikipandishwa hadi mita 400, upeo unakuwa kama kilomita 82. Hapo hatujagusa nguvu ya mtambo hata kidogo.

Ndiyo maana dhana kwamba jirani "ameongeza wati makusudi" mara nyingi haina msingi. Wati zina kazi yake, lakini ni ghali kwa faida ndogo: ili nguvu ya wimbi linalofika kwako iwe maradufu, inabidi mtambo uongezewe wati mara nne. Mwenye kilima hahitaji hayo yote. Namanga yenyewe imelala chini ya Ol Doinyo Orok, mlima ulio upande wa Kenya. Mlima ni mnara wa bure kwa anayeweka antena kileleni, na ni ukuta kwa aliye nyuma yake. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kushika vituo tofauti kabisa, moja ikiwa wazi kuelekea antena na nyingine ikiwa kivulini.

Pwani kuna jambo jingine. Kati ya Mombasa na Pemba hakuna mlima wala jengo, ni bahari tupu. Tena hali fulani ya hewa, hasa hewa ya joto inapolalia juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, huyakunja mawimbi yakafuata uso wa bahari na kufika mbali kuliko hesabu ya upeo inavyosema. Kwa siku mbili tatu kituo cha mbali kinashika kama cha jirani, halafu kinatoweka. Watu hudhani kimefungiwa, kumbe hewa tu imebadilika.

Aliyewahi kusafiri kwa gari kuvuka mpaka atakuwa ameona pia wimbo ukikatwa katikati na kuchukuliwa na wimbo mwingine, bila mkwaruzo mrefu. Hilo nalo si hujuma. Redio ya FM ikikuta vituo viwili kwenye masafa yaleyale hushikamana na chenye nguvu zaidi na kukiacha kingine. Gari likisogea, mwenye nguvu hubadilika.

Masafa ya kati, yale tunayoyaita AM, yana tabia tofauti. Mchana hufuata ardhi, usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Tabia hiyo itunze akilini, kwani ndiyo iliyowatajirisha watu tutakaowafikia baadaye kidogo.

Nani aligawa namba hizi

Mawimbi hayaulizwi pasi, lakini masafa yamegawanywa. Kazi hiyo inaongozwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lililozaliwa Paris mwaka 1865 enzi za telegrafu na sasa lina makao yake Geneva. Umewahi kuona ndege za Tanzania zimeandikwa 5H na za Kenya 5Y? Herufi hizo ni sehemu ya mgao wa ITU. Kwa FM, nchi za Afrika na Ulaya zilikubaliana mpango mmoja huko Geneva mwaka 1984, na mpango huo bado ndio msingi. Nchi ikitaka kuwasha kituo kipya karibu na mpaka, inatakiwa kushauriana na jirani kama kituo hicho kinaweza kuharibu usikivu wa vituo vya jirani vilivyokwisha kuandikishwa. Kwetu mashauriano hayo hufanywa baina ya mamlaka za mawasiliano zenyewe, TCRA ya Tanzania, CA ya Kenya, UCC ya Uganda, pia kupitia umoja wao wa EACO wenye ofisi Kigali.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Makubaliano hayo yanalinda usikivu, hayalindi mpaka. Jirani hakatazwi kusikika kwako, anakatazwa kukuharibia. Sauti inayomwagika ng'ambo bila kumkanyaga mtu inahesabiwa kama moshi wa jiko la jirani: si mgeni aliyealikwa, wala si mvamizi. Na leseni ni ya anayerusha. Mama wa Namanga hatendi kosa lolote kwa kusikiliza.

Mji mmoja wenye minara ng'ambo

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao hauko Afrika. Uko kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, pale San Diego ya California inapogusana na Tijuana ya Baja California. Watu huvuka kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kwenye foleni ndefu ya San Ysidro, mojawapo ya vivuko vya nchi kavu vyenye watu wengi zaidi duniani.

San Diego wana kituo cha vibao kiitwacho Z90, kwenye 90.3. Watangazaji wanasema Kiingereza, studio iko San Diego, matangazo ya biashara ni ya maduka ya San Diego. Kijana wa huko anaweza kukua nacho bila kufikiria kwamba ni cha nje. Lakini jina lake la leseni ni XHTZ, na X hiyo ni ya Mexico, kwa kuwa vituo vya Marekani huanza na K au W. Mnara umesimama upande wa Tijuana. Ndugu yake 91X, kituo cha roki kwenye 91.1, kiko vivyo hivyo: XETRA, leseni ya Tijuana. Leseni iko chini ya sheria ya Mexico, na kampuni ya Marekani hupanga vipindi na kuuza matangazo kwa mkataba.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Tazama namba. Marekani imetenga sehemu ya chini ya FM, kuanzia 88 hadi 92, kwa vituo visivyo vya biashara: vya vyuo, vya dini, vya umma. Kituo cha biashara chenye leseni ya Marekani hakiwezi kukaa 90.3 wala 91.1. Mexico haina utengaji huo. Kwa hiyo kwenye redio ya mtu wa San Diego, katikati ya sehemu ambayo sheria ya nchi yake inasema pasiuzwe kitu, wanauza soda na magari, na hakuna sheria iliyovunjwa. Mnara uko nchi nyingine.

Wenye mnara nao wanadai haki yao. Sheria ya Mexico inataka wimbo wa taifa upigwe, basi usiku wa manane, baada ya kibao cha hip hop, kijana wa California husikia wimbo wa taifa wa Mexico. Kituo lazima kijitambulishe kwa Kihispania. Kila Jumapili redio za Mexico hubeba *La Hora Nacional*, kipindi cha serikali kilichoanza mwaka 1937. Na Mexico ikiingia kwenye uchaguzi, matangazo ya vyama hupewa muda wa bure kwenye kila kituo chenye leseni ya nchi hiyo, hata kile ambacho wasikilizaji wake wengi hawawezi kupiga kura Mexico. Watu wa San Diego hulalamika kila msimu. Malalamiko yao ni yaleyale ya jirani yetu wa Namanga anayesikia kampeni za Kajiado.

Marekani haikuikubali hali hii bila masharti. Sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 1934 inasema mwenye studio ndani ya Marekani akitaka kupeleka vipindi kwenye kituo cha nje ambacho mawimbi yake hurudi kusikika Marekani mara kwa mara, aombe kibali kwanza. Kwa lugha ya mama lishe, genge hawaligusi, lakini jiko liko kwao na wana la kusema. Juni 2020 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ilikataa ombi la namna hiyo. Vipindi vya Kichina vilikuwa vikitayarishwa karibu na Los Angeles, vikipelekwa XEWW, kituo cha AM huko Rosarito nchini Mexico, kisha vikirudi hewani Los Angeles. FCC ilisema kampuni iliyotayarisha vipindi haikutajwa miongoni mwa waombaji.

Daktari wa tezi za mbuzi

Sheria hiyo ya 1934 ina mtu nyuma yake. John Brinkley alikuwa tabibu wa Kansas aliyepata mali kwa kuwapandikizia wanaume tezi za mbuzi, akiahidi kuwarudishia nguvu. Alikuwa na redio yake ya kujitangaza. Wasikilizaji wa kwetu wanaojua matangazo ya dawa za nguvu za kiume watamtambua upesi. Mwaka 1930 alinyang'anywa leseni ya redio na ya utabibu. Mwaka uliofuata akavuka mto Rio Grande, akajenga kituo cha XER katika mji wa Villa Acuña, Mexico, mkabala na Del Rio ya Texas.

Mexico ilimpokea kwa sababu yake. Marekani na Canada zilikuwa zimegawana masafa mazuri ya AM baina yao, Mexico ikabaki na makombo. Kumruhusu mtu awashe mtambo mkubwa mpakani ilikuwa njia ya kuwaonyesha majirani kwamba hawakutenda haki. Vituo vikubwa vya Marekani kwa kawaida vilikomea kilowati 50. Cha Brinkley, kilipogeuka XERA, kiliruhusiwa kufika 500. Kwa tabia ile ya AM usiku, alisikika mbali sana ndani ya Marekani.

Pamoja na udaktari wake wa uongo alirusha muziki, na hapo ndipo huwa nasita kumhukumu kwa neno moja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Carter Family, wale waimbaji wa milimani Virginia, walikuwa hewani XERA, na mamilioni ya watu wa vijijini wakasikia muziki wao. Mapatano ya masafa ya Amerika Kaskazini yalipoanza kazi mwaka 1941, Mexico ikipewa sehemu yake, XERA ikanyamaza. Yaani mgawanyo wa haki ulifanya kile ambacho vitisho havikuweza.

Vibao kutoka Lourenço Marques

Afrika nayo ina ukurasa wake, na wengi wetu hatukufundishwa. Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na shirika moja la utangazaji, SABC, lililowachagulia watu nini wasikie. Lakini Lourenço Marques, Maputo ya leo, ilikuwa chini ya Wareno, na tangu miaka ya 1930 kulikuwa na kituo pale kilichotangaza kwa Kiingereza na Kiafrikaans, kikiwalenga wasikilizaji wa ng'ambo: LM Radio. Vijana wa Johannesburg waliitafuta usiku, ikija na kupotea, ili wasikie vibao ambavyo kwao havikupigwa. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, na Oktoba mwaka huohuo LM Radio ikafungwa. SABC iliwachukua wasikilizaji wake kwa kituo kipya, Radio 5. Mnara ulibadilisha bendera, na redio ikaondoka nayo.

Baadaye kidogo kanuni ya mnara iligeuka dhidi ya waliodhani wanaimiliki. Serikali ya Pretoria ilikuwa imeunda maeneo iliyoyaita nchi huru, moja likiwa Transkei, ambalo hakuna taifa jingine lililolitambua. Desemba 1979 kikafunguliwa kituo cha vibao humo, Capital Radio, kwenye 604 ya AM. Kwa kuwa Pretoria yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba Transkei ni nchi nyingine, mnara ule haukuwa chini ya SABC. Kituo kikapiga muziki, kikasoma na habari zilizofichwa kwingine, hadi majumbani mwa Waafrika Kusini wa rangi zote. Mpaka ulikuwa wa uongo, lakini sheria ya mnara iliuchukua kama ulivyoandikwa.

Wimbo mmoja, sheria mbili

Turudi kibandani. Februari 2018 TCRA ilitoa orodha ya nyimbo zaidi ya kumi zisizopaswa kupigwa kwa kukiuka maadili, zikiwemo za Diamond Platnumz na Ney wa Mitego. Amri hiyo ilivifunga vituo vyenye leseni ya Tanzania. Haikukifunga kituo cha Kajiado. Aliyekuwa Namanga upande wa Tanzania akisikia wimbo ule kutoka ng'ambo hakuwa ameshuhudia uasi, wala TCRA haikuwa imelala. Kufika kwenye mnara ule, njia yake ingekuwa kuzungumza na wenzake wa Nairobi.

Kinyume chake ni kweli. Kanuni za vipindi za Kenya zinataka maudhui yasiyofaa watoto yasirushwe kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Mtoto wa upande wa Tanzania anayesikiliza kituo cha Kenya analindwa na kanuni ya Kenya, bila mama yake kuijua.

Malipo ya wasanii hufuata mnara pia. Kituo hulipia hakimiliki katika nchi ya leseni yake, kwa taasisi za huko. Wimbo wa Bongo Flava ukipigwa Kenya, fedha zinatakiwa zikusanywe Kenya kisha zivuke kwa makubaliano baina ya taasisi za nchi mbili hadi zimfikie msanii. Kwenye karatasi njia ipo. Wasanii wanajua ni ndefu kiasi gani.

Hata saa ina mnara wake. Namanga hapana shida, Kenya na Tanzania zina saa ileile. Lakini Tunduma, ukitega redio ya Zambia, mtangazaji atakwambia ni saa moja wakati saa yako ya ukutani inasema saa mbili. Rusumo, mkabala na Rwanda, ni vivyo hivyo. Aliyezoea hujua. Mgeni hukosa basi.

Msikilizaji asiyehesabiwa

Kilichobaki ndicho kinachoniuma. Redio ya biashara haimuuzii msikilizaji kitu. Inamuuza msikilizaji kwa wenye matangazo. Ili umuuze mtu, lazima ahesabiwe. San Diego waliliona hilo zamani: vituo vyenye minara Tijuana huwekwa kwenye takwimu za usikilizaji za San Diego sawa na vya nyumbani, kwa kuwa anayesikiliza ananunua huko.

Kwetu hesabu hufanywa nchi kwa nchi. Mtafiti wa Kenya hapigi simu Longido, na wa Tanzania akipiga, swali lake kubwa ni la vituo vya Tanzania. Mama wa kibanda husikiliza kutwa, siku saba kwa wiki, lakini kwenye vitabu vya kile kituo hayupo. Namba fupi aliyotajiwa ilikodishwa kwenye mitandao ya simu ya Kenya, na laini ya Tanzania haiwezi kuifikia. Hakuna aliyemnyima makusudi. Hakuwekwa tu kwenye hesabu tangu mwanzo. Akitaka kulalamika kuhusu tangazo la dawa lililomdanganya, TCRA haina mamlaka juu ya mnara ule, na ofisi za CA zinamwona mtu wa nchi nyingine.

Vijana husema intaneti imeyamaliza haya. Haijayamaliza. Kituo kikirushwa mtandaoni kweli kinasikika popote, ila mtandao unahitaji bando, na ile redio ya kabatini inahitaji betri mbili tu. Hakimiliki nayo haijaondoka: kuna vituo vinavyofunga matangazo yao ya mtandaoni kwa walio nje ya nchi, kwa kuwa ruhusa ya nyimbo waliyolipia inaishia mpakani. Mpaka ambao wimbi la FM huuvuka bila kujua, kompyuta huusoma vizuri sana.

Ningependa mamlaka zetu zikae mezani kwa ajili ya miji hii hasa. TCRA ina leseni za kitaifa, za mikoa, za wilaya na za jamii. Sioni kwa nini Afrika Mashariki isiwe na leseni ya mji wa mpakani, kituo kimoja kinachotambuliwa na pande mbili, chenye namba ya simu inayopokea laini zote na mahali pamoja pa kupeleka malalamiko. Namanga ni mji mmoja wenye barabara katikati. Watu wake wanaoana na wanakopeshana sukari, na vibao wanavyocheza ni vilevile.

Nilimweleza mama haya yote, si kwa siku moja. Elfu moja ile, nikamwambia, ni ya Kenya. Siku hizi swali likiulizwa hewani humwita mtoto wa dada yake aliye ng'ambo ya barabara, mwenye laini ya huko, akamnong'oneza jibu kwenye simu. Wamekubaliana kugawana nusu kwa nusu.